Sura ya Saba: Maneno Yaliyokatwa

Machi 2002, Antony Leung, Katibu wa Fedha wa Hong Kong, alisoma bajeti mbele ya mji uliojaa wasiwasi. Bei za nyumba zilikuwa zimeporomoka tangu msukosuko wa fedha wa Asia ulioanza 1997, na wasio na kazi walikuwa wakiongezeka. Katika hotuba yake aliazima maneno ya wimbo wa televisheni wa mwaka 1979, “Chini ya Lion Rock”, unaoitwa kwa jina la mlima wa mawe uliosimama juu ya mitaa ya Kowloon. Muziki wake ulitungwa na Joseph Koo, ukaimbwa na Roman Tam, na maneno yaliandikwa na James Wong, ambaye wenyeji humwita Wong Jim. Tangu siku hiyo wimbo wa tamthilia ukawa kama wimbo wa taifa wa mji usiokuwa taifa.

Maneno ya wimbo huo hayana hatari ya kupotea. Yamo kwenye santuri, kwenye kaseti, kwenye karaoke, kwenye vitabu vya shule na vichwani mwa watu wasioweza kutaja jina la aliyeyaandika. Kinachoweza kupotea ni karatasi za kabla ya hapo: ukurasa wenye mistari iliyokatwa, neno lililotiwa duara na alama ya kuuliza, ubeti mzima ulioachwa. Wimbo uliokamilika unatuonyesha mtunzi aliamua nini. Rasimu peke yake ndiyo inayotuonyesha alikuwa na njia ngapi mbele yake. Sura hii inahusu namna ya kuzitunza karatasi hizo, na kwa nini kazi hiyo ni ngumu kuliko kutunza wimbo wenyewe.

Mtu aliyejichunguza

Wong Jim alizaliwa Guangzhou mwaka 1941, akaingia Hong Kong na wazazi wake mwaka 1949, wakati maelfu ya familia za China zilipovuka mpaka. Alikulia Sham Shui Po, mtaa wa watu wenye kipato kidogo, na muziki aliuanza kwa kupuliza harmonika. Alisoma fasihi ya Kichina katika Chuo Kikuu cha Hong Kong, kisha akafanya kazi nyingi kwa wakati mmoja: matangazo ya biashara, safu za magazeti, filamu, vipindi vya televisheni, na nyimbo. Alikuwa mcheshi, mropokaji, mtu wa matusi ya utani, na wakati huohuo mwanafunzi wa ushairi wa kale.

Aliingia katika utunzi wa nyimbo za Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Hong Kong, kabla haujaheshimika. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wa Hong Kong waliotaka kuonekana wa kisasa waliimba Kiingereza, na wengine Kimandarini. Wimbo wa Kikantoni ulihesabiwa kuwa wa wazee na wa vibanda vya sokoni. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1974, pale kituo cha televisheni cha TVB kilipofungua tamthilia yake kwa wimbo wa Kikantoni uliotungwa na Joseph Koo, na pale mwimbaji Sam Hui alipoimba katika filamu kwa lugha ya mtaani, akiwacheka matajiri na kuwaliwaza wafanyakazi. Kuanzia hapo tamthilia za jioni zilihitaji nyimbo mfululizo, na Koo na Wong wakawa wawili wanaotajwa pamoja kama jina moja.

Mwaka 2003 Wong Jim alipata shahada ya uzamivu katika chuo kilekile alichosoma ujanani. Tasnifu yake ilieleza kuinuka na kuporomoka kwa muziki wa Kikantoni kati ya 1949 na 1997. Novemba 2004 alifariki kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 63. Katika muda wa miaka mitatu mji huo uliwapoteza pia waimbaji Roman Tam, Leslie Cheung na Anita Mui, na mtunzi wa maneno Richard Lam. Ghafla watu waliozoea kuuona muziki huo kama kelele za kila siku walitambua kwamba umekuwa historia, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake iko kwenye makabati ya nyumba za watu.

Kwa nini kila mkato una sababu

Mshairi wa Kiswahili anajua kubanwa na mizani na vina. Mtunzi wa Kikantoni amebanwa zaidi, na anayembana ni toni. Kikantoni kina toni sita, na silabi moja hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Chukua silabi si. Ikitamkwa juu na kubaki juu, ni shairi. Ikipanda, ni historia. Ikikaa katikati, ni kujaribu. Ikianguka hadi chini kabisa, ni wakati. Ikianzia chini na kupanda kidogo, ni soko. Ikikaa chini pasipo kupanda, ni jambo. Sasa iweke silabi hiyo ndani ya wimbo. Mahadhi yakipanda mahali ambapo neno linataka kushuka, msikilizaji husikia neno jingine kabisa, na wimbo wa huzuni hugeuka kichekesho.

Na kwa kawaida mahadhi hutangulia maneno. Enzi za Wong Jim, mtunzi wa maneno alipokea kaseti yenye piano au sauti ya mtu anayeimba silabi zisizo na maana, pamoja na karatasi ya noti za tarakimu, 1 hadi 7, zenye nukta juu au chini kuonyesha oktavo. Kila noti inangoja silabi yake, na kila silabi lazima ikubaliane na mwendo wa noti. Wapo wanaojiandikia ramani kwa tarakimu nne tu, 0, 2, 4 na 3, kwa sababu majina ya tarakimu hizo katika Kikantoni yenyewe ni ngazi: sifuri hutamkwa chini kabisa, mbili juu yake, nne katikati, na tatu juu kabisa. Ukurasa uliojaa tarakimu hizo unaweza kuonekana kama hesabu za duka. Asiyejua huutupa, naye ametupa mifupa ya wimbo.

Ongeza masharti mengine. Silabi inayoishia kwa p, t au k hujifunga ghafla, kwa hiyo haivutiki vizuri kwenye noti ndefu ya mwisho wa mshororo. Mwimbaji fulani ana sauti nzito, mwingine hukwama kwenye noti za juu. Mwongozaji anataka wimbo ufanane na filamu. Ndiyo maana neno lililokatwa kwenye rasimu ya Kikantoni hubeba habari nyingi. Likiwa na toni ileile na lililoshika nafasi yake, mtunzi alibadili maana. Likiwa na toni tofauti, huenda sikio lake ndilo lililolikataa. Mtafiti akiwa na mahadhi mkononi anaweza kufuata hoja ya mtunzi neno kwa neno, jambo lisilowezekana kwenye shairi ambalo halikuandikiwa muziki.

Mfano unaosimuliwa sana ni wa wimbo mkuu wa filamu ya The Swordsman ya mwaka 1990, ambao Wong Jim alitunga maneno na mahadhi pia. Inasemekana mwongozaji Tsui Hark alimrudishia Wong Jim kazi yake mara kwa mara, akikataa kila jaribio, mpaka mtunzi aliyechoka akarudi kwenye ngazi ya kale ya Kichina yenye noti tano na kuzishusha moja baada ya nyingine. Yaliyotokea ni mojawapo ya nyimbo rahisi na maarufu kuliko zote za Hong Kong. Anayeusikia leo hudhani ulimjia kama pumzi. Majaribio yaliyokataliwa ndiyo yanayoonyesha kwamba urahisi ule ulifikiwa kwa kupita kwenye ugumu.

Karatasi, joto na faksi

Karatasi za kawaida za karne ya 20 zilitengenezwa kwa nyuzi za mti, nyingi zikiwa na asidi. Asidi hukata nyuzi hizo polepole, na ukurasa hugeuka manjano, kisha hukatika ukikunjwa. Joto na unyevu huharakisha kazi hiyo, na Hong Kong ina vyote viwili. Majira ya kuchipua, hewa ya baharini yenye ukungu hulowesha kuta za ndani. Kiangazi, unyevu wa hewa hupita asilimia 80 mara nyingi. Kuvu huanza kuota unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa. Mende hupenda gundi, na wadudu wadogo wenye rangi ya fedha hukwangua uso wa karatasi. Pini za stepla na klipu hushika kutu na kuacha doa lisilotoka. Selotepu, ambayo kila familia huifikiria kwanza inapoona karatasi imechanika, huachia gundi yake ndani ya nyuzi na kuligeuza neno lililokuwa likisomeka kuwa baka la kahawia.

Wino nao una tabia zake. Penseli hudumu. Wino wa bolpeni hufifia ukikaa kwenye mwanga. Wino wa kalamu za ncha ya sufi huyeyuka kwa tone moja la maji, kwa hiyo karatasi iliyolowa haipanguswi kwa kitambaa. Hukaushwa kwa hewa tulivu, ikiwa imelala kwenye karatasi ya kunyonya maji.

Lakini adui wa kwanza kushughulikiwa katika makabati ya miaka ya 1980 na 1990 ni faksi. Studio za Hong Kong zilifanya kazi usiku, waimbaji walisafiri, na maneno yalitumwa kwa faksi saa yoyote. Mashine nyingi zilitumia karatasi ya joto, isiyohitaji wino: uso wake una kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto. Kemikali hiyohiyo hurudi kuwa nyeupe baada ya miaka michache, hasa ikikaa kwenye mwanga, kwenye joto, au ndani ya mfuko laini wa plastiki ya PVC. Mtu aliyeiweka faksi yake kwa uangalifu kwenye albamu ya plastiki ndiye aliyeifuta haraka zaidi.

Faksi ina ugumu mwingine unaopendeza. Asili hubaki kwa aliyetuma, na nakala hubaki kwa aliyepokea. Ila maoni ya mtayarishaji, ile alama nyekundu inayosema mshororo wa tatu ubadilishwe, imo kwenye nakala inayofifia. Kwa hiyo historia ya wimbo mmoja huwa imegawanyika katika nyumba mbili. Hifadhi iliyopokea makabati ya mtunzi peke yake ina maswali bila majibu, na haina budi kuwafuata watayarishaji, wapiga muziki na waimbaji kabla nao hawajahama.

Kuhama ni neno zito katika mji huo. Sensa ya 2021 ilionyesha kuwa mkazi wa kati wa Hong Kong ana mita 16 za mraba za sakafu. Katika nyumba ya namna hiyo, sanduku la karatasi za marehemu hugombea nafasi na kitanda cha mtoto, na mara nyingi hushindwa. Urithi mwingi hufa wikendi ya kufungasha mizigo, moto wala mafuriko hayahusiki.

Chumba cha kazi kama ushahidi

Karatasi za Wong Jim zilipata bahati ambayo wengi hawakuipata. Baada ya kifo chake, mwanasosholojia Ng Chun-hung wa Chuo Kikuu cha Hong Kong na wenzake walichukua jukumu la kupanga yaliyokuwamo katika chumba chake cha kazi: rasimu za nyimbo, barua, kanda, maandishi ya matangazo na ya vipindi. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi, na mwaka 2021 ilizaa vitabu vinavyotumia nyaraka hizo kusimulia maisha yake na ya muziki wa mji wake.

Muda huo mrefu si uzembe. Mhifadhi nyaraka anapoingia chumba kama hicho, jambo la kwanza ni kujizuia asipange. Hupiga picha za rafu, meza na marundo kama yalivyo, kwa sababu ujirani wa karatasi ni habari. Rasimu isiyo na tarehe ikikutwa katikati ya bili za mwezi fulani na ratiba ya kurekodi, imeshapata tarehe ya kukisia. Mtu mwema akija mapema na kukusanya nyimbo zote upande mmoja na bili zote upande mwingine, amefanya usafi na amevunja saa.

Baada ya hapo hufuata uchaguzi wa nani aanze kutibiwa. Faksi za joto huskaniwa kwanza. Kaseti za majaribio hufuata, kwa kuwa utepe wa sumaku huzeeka na mashine nzuri za kuucheza zinaadimika. Huchezwa na fundi, na sauti huhifadhiwa bila kubanwa. Karatasi za kawaida zinaweza kungoja, mradi zitolewe pini, zitiwe kwenye majalada yasiyo na asidi, zilazwe kwenye maboksi na kukaa katika chumba chenye ubaridi na unyevu usiopandapanda, karibu na asilimia 50. Kisha kila ukurasa huskaniwa kwa rangi, mbele na nyuma, hata kama nyuma inaonekana tupu. Mtunzi anayefanya kazi ya matangazo huandika nyuma ya chochote kilicho mezani, na upande huo wa pili unaweza kueleza alikuwa akiuza sabuni gani wiki aliyoandika wimbo wa mapenzi.

Ugumu unaobaki ni utambulisho. Rasimu nyingi hazina kichwa, kwa kuwa jina la wimbo huja mwishoni. Hapa ule ubanaji wa toni unageuka msaada. Mahadhi hayabadiliki sana, hivyo idadi ya silabi kwa kila mshororo, pamoja na ngazi ya toni zake, ni kama alama ya kidole. Ukurasa usio na jina unaweza kulinganishwa na nyimbo zilizotoka, hata kama hakuna neno moja linalofanana na toleo lililorekodiwa. Ndivyo wimbo wenye maneno tofauti kabisa unavyoweza kugunduliwa chini ya wimbo ambao kila mtu anaufahamu.

Karatasi safi haina mengi ya kusema

Si kila mwandiko wa mtunzi ni rasimu. Ipo rasimu yenyewe. Ipo nakala safi, iliyoandikwa upya ili mwimbaji aisome studioni. Na ipo nakala ya zawadi: wimbo ukishakuwa maarufu, mtunzi huombwa auandike tena kwa mkono kwa ajili ya mnada wa hisani, rafiki au ukuta wa mgahawa. Hii ya mwisho ndiyo inayopendwa na wanunuzi. Mwandiko umenyooka, sahihi iko chini, hakuna mkato.

Kwa mhifadhi thamani imepinduka. Nakala ya zawadi inathibitisha kwamba mtunzi alikuwa na kalamu na wimbo ulikuwa na jina. Karatasi mbovu, yenye doa la chai na ubeti uliokataliwa, ndiyo inayofundisha. Familia inapokagua makabati kwa haraka huokoa zile nzuri na kuchana zile chafu, mara nyingine kwa nia ya kumlinda marehemu asionekane mtu wa kubabaika. Hapo ndipo ushauri unapotakiwa mapema: kubabaika kwake ndiko kuliko na ujuzi.

Suala la haki nalo huja hapa. Mwenye karatasi si lazima awe mwenye maneno. Kwa sheria ya Hong Kong hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 zaidi, hivyo maneno ya Wong Jim yanalindwa hadi mwisho wa 2054. Hata kabla ya kifo, mtunzi anaweza kuwa ameshahamisha haki za wimbo kwa kampuni ya uchapishaji wa muziki. Maktaba iliyopewa boksi kwa nia njema inaweza kuwa na ruhusa ya kulitunza bila kuwa na ruhusa ya kulionyesha dunia. Na ubeti uliokatwa, ambao haukuchapishwa wala kuuzwa, unahitaji swali lake: je, mwenyewe angekubali usomwe? Utaratibu wa busara ni kuandika masharti siku ya kukabidhi, yakitenganisha kutunza, kusoma chumbani, na kuchapisha.

Kitufe cha kufuta

Ingedhaniwa kwamba watunzi wa leo wametuondolea shida hizi. Hawana faksi, hawana mende. Wanaandika kwenye simu. Lakini karatasi ilikuwa na kasoro moja iliyotufaa: ukikata neno, neno linabaki chini ya mstari. Kwenye simu, neno linalofutwa halijawahi kuwapo. Toleo jipya hukaa juu ya la zamani, na mwisho wa kazi inabaki faili moja, safi kama nakala ya zawadi. Majadiliano na mtayarishaji, yaliyokuwa pembezoni mwa faksi, sasa yamo kwenye ujumbe wa sauti ndani ya akaunti ambayo nywila yake mtunzi hakumwachia mtu. Huenda miaka ya 1980, pamoja na asidi yake yote, ikaacha rasimu nyingi kuliko miaka ya 2020.

Tiba yake ni ya bei nafuu, ila inamtaka mtunzi aliye hai. Ahifadhi kila toleo kwa jina na tarehe yake. Asifute ujumbe wa mtayarishaji. Amchague mtu mmoja atakayejua nywila. Na aketi na mtu wa kumhoji huku rasimu zake ziko mezani, kwa sababu mtunzi akiulizwa kwa jumla alivyoandika wimbo fulani atasimulia kisa alichokwisha kukisimulia redioni mara nyingi. Akionyeshwa neno alilolikata, atakumbuka ugomvi.

Wasimamizi wa hifadhi hupenda kuonyesha vitu vinavyong'aa: mavazi ya jukwaani, tuzo, santuri za dhahabu. Vinavutia wageni, na hakuna ubaya. Lakini kijana anayetaka kujifunza kuandika wimbo hawezi kujifunza kwa kutazama tuzo. Anahitaji kuona kwamba yule aliyeandika wimbo uliokuja kunukuliwa kwenye bajeti ya serikali naye alikosea toni, akarudia mshororo, akakataliwa na mwongozaji, akaanza upya. Hifadhi inayompa kijana huyo ukurasa mmoja mbovu na mahadhi yake imefanya kazi ya mwalimu, na hivyo ndivyo inavyofaa kupimwa.